Jirani ametualika Bon Odori: twende?

Swali la msomaji: "Sisi ni Watanzania, tunaishi Kent, jimbo la Washington, mwaka wa sita sasa. Mtaani kwetu kuna bibi mmoja wa Kijapani ambaye amewazoea sana wanangu. Mwaka huu ametualika Bon Odori kwenye hekalu la Kibudha la hapo Auburn. Watoto wanataka kwenda. Mume wangu anasita, kwa sababu sisi ni Waislamu na amesoma mahali kwamba ni sikukuu ya kukaribisha mizimu. Mimi nahofia lingine: tusije tukaonekana tunachezea utamaduni wa watu. Je, twende? Tukienda tuvae nini, tule nini, tubebe nini? Na wenzetu hawa wamewezaje kuishika ngoma yao miaka yote hii, wakati mimi wanangu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza?"

Dada yangu,

Kwa upande wangu, nendeni. Mtu akikuita Bon Odori anakuita uje ucheze, na bibi huyo asingewaalika watoto wako kama hataki kuwaona ndani ya duara. Mengine uliyouliza yanataka kirefu kidogo, hasa wasiwasi wa mumeo, ambao nauheshimu. Kazi yangu ni kufuatilia ngoma za jamii za wahamiaji, na kati ya zote nilizowahi kuingia huku Marekani hii ndiyo niliyoirudia mara nyingi zaidi, kwa hiyo usishangae nikikawia mahali.

Kwanza niruhusu nirekebishe neno moja. Umemwita jirani yako bibi wa Kijapani. Huenda kweli alizaliwa Japani, wapo waliokuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini kama amekulia kwenye hekalu la Auburn, basi yawezekana kabisa ni Mmarekani wa kuzaliwa, na mama yake vilevile. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria iliyowafungia mlango wahamiaji kutoka Japani, hivyo familia nyingi za zamani za pwani ya magharibi zilikuwa zimeshafika kabla ya hapo. Wenyewe wana majina ya vizazi: Issei ndio waliovuka bahari, Nisei ni watoto wao, Sansei wajukuu, Yonsei vitukuu. Wengi huumia, hata kama hawasemi, wanapoulizwa na mtu waliyekutana naye dukani: "Ulikuja lini Marekani?" Waambie wanao wasimuulize hivyo. Wamuulize familia yake ilifika lini bondeni hapo. Hilo atalijibu, na jibu litachukua jioni nzima.

Bonde ninalosema ni hilohilo mnaloishi. Kutoka Kent kushuka Auburn, palipojaa maghala na malori leo, palikuwa mashamba, na wakulima wa Kijapani walikuwa miongoni mwa waliowalisha watu wa Seattle mboga na maziwa. Walilima ardhi ambayo hawakuruhusiwa kuimiliki: sheria ya jimbo la Washington ya mwaka 1921 iliwazuia kununua na hata kukodi, na uraia wenyewe Issei hawakuruhusiwa kuuomba hadi mwaka 1952. Weka hilo akilini, litakusaidia kuelewa kwa nini watu hawa wakicheza ngoma ya kiangazi barabarani wanaicheza kwa namna ile.

Sasa jina. Odori ni ngoma, kwa maana ya kucheza. Bon, au Obon kwa heshima, ni msimu wa kuwakumbuka waliotangulia. Sisi tuna neno moja, ngoma, kwa kile kinachopigwa na kwa kile kinachochezwa. Wao wana mawili: taiko hupigwa, odori huchezwa. Asili ya yote haya ni kisa cha mwanafunzi wa Budha ambaye Wajapani humwita Mokuren. Alimwona mama yake, aliyekwisha kufa, akiteseka kwa njaa kati ya roho zisizoshiba. Budha akamwelekeza awape watawa sadaka siku walipomaliza mafungo yao. Mama akaokoka, na mwana kwa furaha akacheza.

Huko Japani wengi huamini, au hufuata tu mila inayosema, kwamba katika siku hizo za katikati ya Julai au Agosti roho za wazee hurudi nyumbani. Huwasha moto mdogo mlangoni wa kuwapokea, na mwisho huwasha mwingine wa kuwasindikiza. Bila shaka hilo ndilo alilolisoma mumeo, na aliyeliandika hakudanganya. Ila mahekalu mengi ya Wajapani-Wamarekani, pamoja na hilo la Auburn, ni ya madhehebu ya Jodo Shinshu, chini ya shirika la Buddhist Churches of America, na madhehebu haya yana msimamo wake. Wahubiri wao hufundisha kwamba marehemu hawana haja ya kupokewa wala kulishwa na sisi. Siku hiyo wanaiita Kangi-e, mkusanyiko wa furaha, na kinachofanyika ni kushukuru: huyu alinilea, yule alinisomesha, wote wamekwenda, na mimi nipo kwa sababu yao. Neno mizimu kwetu huja na pango, ubani na kuku mweupe. Hapa halifai kabisa. Nikitafuta kitu cha karibu katika maisha yetu, kwa upande wa hisia na si wa itikadi, nakumbuka hitma: watu wamekaa pamoja kwa ajili ya aliyekufa, kisha masufuria yanafunuliwa, watoto wanakimbizana uani, na huzuni na chakula vinapata nafasi katika nyumba moja.

Mimi si shehe, na sitampa mumeo fatwa. Ninachoweza ni kumwonyesha mahali penyewe palivyo ili aamue akijua. Kuna ibada na kuna ngoma. Ibada hufanyika ndani, mbele ya altare, kwa kusoma sutra, maandiko yao ya dini, na kufukiza ubani, na watu wa nje hukaribishwa ila hakuna anayelazimishwa. Ngoma iko nje, barabarani au kwenye uwanja wa kuegesha magari. Hakuna kuinamia kitu wala kutamka shahada ya mtu. Nimeona wanawake wa hijabu, masista wa Kikatoliki na watu wasio na dini yoyote katika duara moja. Mkifika jioni mkabaki nje, hakuna atakayewauliza kwa nini hamkuingia. Wapo wanazuoni watakaosema hata hivyo ni uwanja wa hekalu, bora kukaa mbali, na akiamua kufuata hao msigombane kwa ajili ya ngoma. Kuna tamasha la maua ya cherry pale Seattle Center mwezi wa Aprili, kuna Aki Matsuri ya Bellevue mwezi wa Septemba, na yote mawili hayafanyiki hekaluni. Na kuna Kubota Garden, kusini mwa Seattle, si mbali na kwenu: bustani aliyoianza Fujitaro Kubota mwaka 1927, leo ni mali ya jiji, na kuingia ni bure. Bibi mwambieni ukweli. Mtu aliyekulia katika dini ya wachache anaelewa mambo ya kusita.

Lakini matamasha hayo ya maua ni kitu kingine, na nataka uione tofauti. Yale makubwa ya Washington, mji mkuu, yalitokana na zawadi ya serikali kwa serikali. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, alituma miti 3,020 mwaka 1912, baada ya shehena ya kwanza ya mwaka 1910 kukutwa na wadudu na magonjwa ikachomwa moto. Tamasha lenyewe likaanza mwaka 1935. Ni mazuri, wapeleke watoto mkipata nafasi. Ila kule unakwenda kuitazama Japani. Obon ya Auburn, ya San Jose au ya Hawaii ni ya watu wa hapahapa Marekani, wameipika wenyewe kwa kuni zao, na Mjapani aliyeshuka kwenye ndege jana mara nyingine huitazama akashangaa, maana kuna nyimbo ambazo kwao zilishasahaulika na kuna vyakula ambavyo kwao havijawahi kuwepo.

Aliyeieneza ngoma hii Marekani bara alikuwa mhubiri wa Kibudha, Yoshio Iwanaga, aliyefika mwaka 1930. San Francisco walicheza mwaka 1931, Seattle wakafuata mwaka 1932. Hawaii walikuwa wametangulia zamani, kwa sababu vibarua wa mashamba ya miwa walikuja na ngoma za vijiji vyao. Kila eneo lilileta yake: Iwakuni yake, Fukushima yake, Okinawa yake. Iwanaga alizunguka hekalu hadi hekalu akifundisha, na watu walicheza miaka kumi hivi.

Kisha Desemba 1941. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, wahubiri wa Kibudha walikuwa kati ya watu wa kwanza kukamatwa. Usiku watu walichoma barua, picha za ndugu, vitabu, kimono, chochote chenye maandishi au sura ya Kijapani. Vingine walivifukia uani. Februari 19, 1942, Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066, na watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000 wakatolewa majumbani, theluthi mbili yao wakiwa raia wa kuzaliwa Marekani. Watu wa Seattle walipelekwa kwanza kwenye uwanja wa maonyesho wa Puyallup. Ndiyo, palepale ambapo pengine mmewapeleka watoto kupanda bembea kwenye maonyesho ya jimbo ya Septemba. Kutoka hapo wakapelekwa Minidoka, jangwani Idaho, nyuma ya seng'enge. Kambi kuu zilikuwa 10. Serikali ilikiri kosa mwaka 1988, ikaomba radhi na kumlipa kila aliyenusurika, akiwa bado hai, dola 20,000.

Sasa sikia hili. Ndani ya kambi hizo watu walicheza Bon Odori. Vumbi, mabanda ya mbao na karatasi ya lami, mnara wa mlinzi, na katikati duara la watu wanaocheza. Ningekuwa na nguvu ya kumwambia mumeo jambo moja tu kuhusu ngoma hii, ningemwambia hilo. Na ndiyo maana nawaambia watu wasiichukulie kama burudani ya chakula na taa, ingawa chakula kipo na taa zipo. Mzee anayecheza mbele yako huenda mara ya kwanza alibebwa mgongoni katika duara la Minidoka.

Haya, tuingie uwanjani.

Katikati utaona jukwaa la mbao lililoinuliwa, linaitwa yagura. Juu yake kuna mpiga taiko, na pengine mwimbaji. Kamba za taa za karatasi zinatoka hapo kwenda pande zote. Wachezaji wanalizunguka kwa mistari miwili, mitatu, minne, na mara nyingi barabara imewekewa alama chini kuonyesha mistari ipite wapi. Wanaojua huwa mstari wa ndani. Ninyi kaeni wa nje au wa kati, nyuma ya mama yeyote aliyevaa yukata, vazi jepesi la pamba, ambaye mikono yake imetulia, na mfuate huyo. Usifuate miguu, fuata mikono, miguu itakuja yenyewe. Nyimbo zinarudiarudia. Mzunguko wa kwanza utapotea, wa pili utashika nusu, wa tatu utaanza kutabasamu.

Karibu kila mahali watacheza Tanko Bushi, ngoma ya wachimba makaa ya mawe wa Fukuoka, kisiwa cha Kyushu. Nakupa hii moja mapema ili watoto waingie wakiwa na kitu mkononi. Shika chepe la hewani. Chimba kulia mara mbili, chimba kushoto mara mbili. Tupia makaa begani, kulia, kisha kushoto. Rudi nyuma hatua moja mkono ukiwa juu ya paji la uso kama unayekinga macho, kisha hivyohivyo kwa mkono wa pili. Halafu sukuma toroli mbele, sukuma tena. Fungua mikono, piga makofi. Basi. Mkulima na mchimbaji wakaja Marekani na ngoma ya kazi, na wajukuu zao, wahandisi na wauguzi, bado wanachimba makaa barabarani kila Julai. Wanao wataijua kabla ya wewe, nakuhakikishia. Ngoma nyingine zina pepeo la mkononi, kitambaa chembamba cha pamba, au vibao viwili vidogo vya kugonganisha. Ukiona kila mtu ana kitu mkononi na wewe huna, cheza mikono mitupu.

Kuna usiku wa mazoezi, na hapa ndipo ningependa mwanzie. Wiki chache kabla ya siku yenyewe mahekalu hufungua milango jioni, watu wakaja kujifunza, bure, wenyeji na wageni. Hakuna umati, hakuna foleni ya chakula, na mwalimu anarudia mpaka mtu wa mwisho aelewe. Mimi nilianzia hivyo huko California. Mama mmoja, mdogo kwa umbo na mkali kidogo, alinishika kiwiko bila kusema neno, akakishusha inchi mbili. Nikacheza namna ile msimu mzima. Siku ya sherehe alinipita kwenye mstari wa ndani, akakitazama kiwiko, akaendelea. Nilifurahi kupita kiasi.

Hofu yako ya kuchezea utamaduni wa watu inaishia hapo kwenye mazoezi. Anayejifunza kabla ya kuja, akaja, akafuata, hachezei kitu cha mtu. Wanaoudhi ni wengine: anayesimama katikati ya mistari akirekodi kwa simu huku wachezaji wakimkwepa, anayekata duara kufuata soda upande wa pili, anayegonga taiko ya watu bila ruhusa, anayekuja amejipaka uso mweupe kama yuko kwenye sinema. Kupiga picha nje ruhusa, ila ndani mbele ya altare uliza kwanza.

Mavazi yasiwasumbue. Vaa kinachoruhusu mkono kupanda juu ya kichwa bila kukuaibisha. Gauni lako la kitenge au kanga na mtandio vinafaa sana, na viatu viwe vya kutembea, maana lami ya Julai inachosha. Bibi akitaka kumvisha binti yako yukata, mkubalie, ni heshima kubwa kwake. Jambo moja tu la kukumbuka: ubavu wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovikwa maiti, na kila mwenye umri atakimbilia kumrekebisha mtoto.

Chakula kinataka tahadhari zaidi kwenu. Kuku wa teriyaki ndiye mfalme wa sherehe hizi, harufu yake utaisikia kabla hujaona hekalu. Hachinjwi kwa utaratibu wenu, na mchuzi wake mara nyingi una mirin au sake, zote mbili ni za kileo. Supu ya udon, yaani tambi nene, huwa na mirin pia. Kile kipande cha nyama juu ya wali kilichofungwa kwa mwani, spam musubi, ni nguruwe. Inari, ule wali mtamu ndani ya vifuko vya tofu, hauna nyama lakini tofu yenyewe huenda imechemshwa na mirin, kwa hiyo uliza. Mnaweza kula mahindi ya kuchoma, barafu ya kukwaruzwa yenye sharubati, matunda, na imagawayaki, mkate mdogo wa duara uliojazwa maharage mekundu yaliyopondwa kwa sukari, baada ya kuuliza wamepaka nini chumani. Kwingine kuna kona ya bia, imezungushiwa uzio, mtaiona mbali. Mkitaka usalama kamili, kuleni nyumbani kabla ya kutoka, na pale mnunue barafu tu.

Lakini nunueni kitu. Kuingia ni bure, na fedha za vibanda hivyo huliendesha hekalu sehemu kubwa ya mwaka. Bebeni fedha taslimu. Na jirani yenu msimwendee mikono mitupu, hilo kwenu wala si geni. Sahani ya maandazi yenye iliki inatosha. Watu wa Okinawa, hasa wale wa Hawaii, wana maandazi yao ya duara wanayoyaita andagi. Siku nilipoyasikia jina nilicheka, siku nilipoyaonja nikanyamaza, maana isipokuwa iliki na nazi nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu Tanga. Majina yamekutana kwa bahati tu, wanao watafurahia kujua.

Nimebakiza swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Usidhani waliishika ngoma bila kuiachia. Waliiachia nusu. Baada ya kambi wazazi wengi waliacha kuwasemesha watoto Kijapani kwa makusudi, ili mtoto asionekane adui. Wengi utakaowaona wakicheza hawajui maneno ya wimbo wanaouchezea. Wamejifunza kwa sauti, kama watoto wetu wengi wanavyosoma kaswida bila kujua kila neno maana yake. Nimekaa na wazee wa Nisei na Sansei waliolia wakisimulia lugha ilivyowatoka, kwa hiyo sitakwambia kwamba ngoma inatosha mahali pa lugha. Haitoshi. Endelea kuwasemesha, hata wakikujibu Kiingereza, maana sikio linabaki.

Kilichowarudisha ni vijana wa Sansei, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 kundi dogo lilikwenda Manzanar, kambi ya California, kuona mahali ambapo wazazi wao walikuwa hawasemi habari zake. Ziara hiyo hufanyika kila mwaka hadi leo. Mwaka huohuo, kwenye hekalu la Senshin, Los Angeles, kundi la Kinnara lilianza kupiga taiko. Taiko ya kweli huchongwa kwenye gogo moja kubwa, bei yake haishikiki. Wao wakachukua mapipa ya mvinyo, wakayafunika ngozi, wakayakaza. Ndiyo ngoma zilizosambaa Marekani nzima. Mimi nayapenda mapipa hayo kuliko hadithi yoyote ya utamaduni uliohifadhiwa safi kama kitu cha makumbusho. Watu walitaka kupiga, wakatafuta cha kupiga.

La pili nililoliona ni kazi. Tazama watoto wao siku hiyo. Wa miaka sita anagawa vijiko. Wa kumi na mbili anakusanya takataka. Vijana wako kwenye moto, wanageuza kuku tangu alfajiri, macho mekundu. Hakuna aliyewahubiria juu ya asili yao, wamepewa zamu. Nenda ukaone pia mochitsuki, wanapotwanga mchele mwezi wa Desemba, utaelewa zaidi. Mchele unaonata huloweshwa usiku kucha, ukapikwa kwa mvuke, ukamwagwa kwenye kinu ukiwa wa moto. Kinu wanakiita usu, na mchi wao, ambao ni kama nyundo kubwa ya mbao, wanauita kine. Mmoja anapiga, mwingine, kwa mkono uliolowa maji, anaugeuza mchele kati ya pigo na pigo. Akikosea kidogo vidole vimekwenda. Kwa hiyo wanahesabu kwa sauti, pamoja. Nimemwona babu wa zaidi ya miaka themanini akigeuza na mjukuu wa kike wa miaka kumi na tano akipiga, na babu hakuutazama mchi hata mara moja. Alimtazama mtoto usoni. Na kule pembeni meza ndefu, watoto wamepakwa unga hadi kwenye nyusi wanaviringisha vidonge vya mochi, kila kidonge na umbo lake.

Mkipanga sherehe yenu ya Waswahili hapo Kent, na najua mtapanga, jaribuni hivyo. Watoto wasikalishwe viti vya mbele kutazama wakubwa wakicheza. Mpe mmoja msondo, mwingine mbuzi ya kukunia nazi, mwingine orodha ya wageni. Siku iwe moja kila mwaka, isihamishwe kwa sababu fulani kasafiri. Na muwaite majirani, huyo bibi awe wa kwanza.

Neno la mwisho ni la adabu. Familia iliyofiwa tangu Obon iliyopita huwa na Obon yake ya kwanza, hatsubon, na mara nyingi utawaona kwenye duara wakicheza kwa utulivu usio wa kawaida. Jirani yako ni mtu mzima, rafiki zake wanapungua kila mwaka. Mnapopumzika kati ya ngoma na ngoma, kaa karibu naye, muulize kwa upole mwaka huu anacheza kwa kumkumbuka nani. Kisha mwache aseme, au asiseme.

Mazoezi ya Auburn muulize yeye yanaanza lini. Mpigie wiki hii.